Motoka inahangaika juu ya mawe ya volkano? Tafuta ugonjwa kabla hujainua

Jumapili moja kijana fulani aliingia kwenye parsele yetu na Land Cruiser 79 yake, hata moteri hajazima, akaanza: "Mukubwa, nataka kuiinua sentimita kumi, ni kama bei gani?" Nikamuuliza kwanza, inakufanyia nini mbaya? Akafikiri. "Inahangaika tu kwenye mawe." Sasa kuhangaika haiko ugonjwa, ni kama mtu aingie farmasi aseme anaumwa mwili. Peti wetu (kijana wa kazi) akalala chini ya motoka na tochi ya simu, hata dakika kumi hazikuisha, silenbloki (mipira ya viungo) za nyuma zimeliwa zote na amotisere ya kushoto inalia mafuta mpaka vumbi limeganda juu yake kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Yule hakuwa anahitaji sentimita kumi. Alikuwa anahitaji mipira mipya na amotisere mbili.

Ndo maana naandika hii nikifuata dalili moja moja, vile tunafanya chini ya motoka yenyewe, juu watu wengi hapa Goma wananunua dawa kabla ya kujua ugonjwa na wakiinua motoka ugonjwa unapanda nao juu.

Majina kwanza, tusipotezane. Amotisere ndo ile wengine wanaita shokapu. Ponti ni ule mhimili mzima unaobeba magurudumu mawili na difarensieli yake katikati. Lame ni vile vyuma bapa vimelaliana, resori ni ile springi ya kujizungusha, jumeli ni kiungo kinachoning'iniza mwisho wa lame kwenye shasi ili lame iweze kunyooka na kurudi. 79 tangu 1999 iko na resori mbele na lame nyuma, ponti nzima pande zote mbili. Zile 75 za zamani ni lame mbele na nyuma. Hilux za siku hizi mbele kila gurudumu linajitegemea, hio ni kesi nyingine, nitaigusa.

Na mawe yetu pia yako na tabia. Ile lava ya 17 Januari 2002 iliyokata mji mpaka ziwani, na ya 22 Mei 2021 iliyosimama upande wa Buhene, ikipoa inabaki na matundu na kona zinazokata kama chupa, lakini tairi inashika vizuri sana juu yake, haitelezi. Ukitoka Sake kupanda Masisi ni kinyume: udongo unateleza na mawe yamejificha ndani yake. Kwa hio mtu akikwambia setingi fulani ni nzuri, muulize nzuri wapi.

Vipimo, motoka ikiwa tupu na ikiwa na mzigo wako wa kawaida

Chukua mita ya fundi cherehani hata, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa gardebu (madigadi) juu yake, pembe zote nne, kwenye sehemu tambarare. Usipime kutoka chini ardhini, juu presha ya tairi itakudanganya. Andika mahali. Alafu weka mzigo unaobebaga kweli, rezervu (tairi ya akiba), jeriken, boksi la vyombo, watu wawili nyuma, pima tena. Tofauti kati ya hizo mbili ndo inakwambia resori zako zina nguvu gani kwa uzito wako. Mimi nilipopima yangu mara ya kwanza nyuma ilishuka sentimita moja tu na mzigo wote ule, nikajua tayari lame zangu ni ngumu kupita kiasi, zilikuwa za mtu aliyebeba makaa ya Masisi mwaka mzima.

Kama upande mmoja uko chini kuliko mwingine, usiweke kipande cha chuma kuisawazisha. Badilisha lame za kushoto na za kulia. Ubaya ukihamia upande wa pili, ni lame. Ukibaki palepale, angalia jumeli, silenbloki, na kama shasi haijapasuka pale inaposhikia lame.

"Gurudumu moja linabaki hewani na motoka inasimama"

Hii ndo malalamiko namba moja na ndo yenye sababu nyingi, kwa hio tukae hapa kidogo.

Difarensieli ya kawaida inapeleka mzunguko kwa gurudumu lenye wepesi. Lile la hewani ndo jepesi kuliko yote, linazunguka kama feni na lile lililo juu ya jiwe linatulia kama mgeni. Watu wanaona hivyo wanasema motoka iko chini. Hapana. Ponti haikuweza kushuka upande mmoja wakati inapanda upande wa pili. Uwezo huo wa ponti kujikunja dhidi ya shasi ndo unatafutwa kwenye mawe, na kuinua motoka peke yake hakuuongezi, mara nyingi kunaupunguza.

Jaribio letu ni la bure. Panda na gurudumu moja la nyuma juu ya rundo la mawe mpaka lile la upande wa pili likaribie kuachana na ardhi, funga freni ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, alafu mtu aangalie kwa pembeni na tochi, asiingie chini. Unatafuta nani amefika mwisho wa kwanza. Siku tulipofanya na yangu, amotisere ya upande ulioshuka ilikuwa imenyooka kabisa, imekazana kama mkono wa mtoto anayefikia sukari juu ya kabati, na lame yenyewe ilikuwa bado na mkunjo, ilitaka kushuka tena ikakatazwa. Hapo jibu liko wazi: amotisere ni fupi.

Kujua urefu unaohitaji, toa amotisere upande mmoja, inua ponti kwa kriki (jeki) mpaka mpira wa kugongea (ule unaozuia ponti isigonge shasi) uguse, pima kati ya matundu mawili ya amotisere. Tuseme umepata sentimita 38. Alafu iache ponti ishuke mpaka mwisho wake, pima tena, tuseme 60. Amotisere unayonunua lazima ikifungwa iwe fupi kuliko 38, angalau kwa sentimita moja na nusu, na ikifunguka ikaribie 60. Ile ya kwanza ni muhimu kuliko ya pili. Amotisere inayofika mwisho wa kufunga kabla ya mpira wa kugongea inageuka nyundo, itavunja kishikio chake au kujipasua yenyewe. Nimeona mtu amenunua ndefu nzuri za rangi, wiki mbili ya juu imekatika.

Kama si amotisere, angalia haya:

Lame ngumu. Kuna tabia hapa ya kuongeza lame moja ya kamio (lori) la zamani kila nyuma ikishuka. Kwa mfanyabiashara wa viazi ni sawa kabisa. Kwa motoka inayopanda mawe ikiwa tupu ni kama kulala juu ya ubao. Toa hio lame, jaribu tena kabla ya kununua chochote.

Lame zilizoshikana. Matope ya Masisi na vumbi la volkano vikiingia katikati vinashika kutu na lame hazitelezi tena moja juu ya nyingine, zinafanya kazi kama chuma kimoja kinene. Fungua, piga brosi ya waya, paka grisi ya grafiti, rudisha. Kazi ya nusu siku na mikono michafu, na mara nyingi inatosha kabisa.

Silenbloki zilizofungwa vibaya. Hii inaniudhi, juu nimeiona kwenye garaji nyingi. Fundi anaweka mipira mipya motoka ikiwa imening'inia juu ya kriki na anakaza buloni (bolti) palepale. Mpira ule umeshikwa ukiwa kwenye mkao wa kushuka, motoka ikirudi chini unabaki umenyongwa muda wote, unakaza mwendo wa lame na unachanika mapema. Weka buloni bila kukaza, shusha motoka magurudumu yakanyage, itikise kidogo, ndo ukaze. Dakika tano.

Stabilizatrisi. Ile bara ya chuma inayounganisha kushoto na kulia kazi yake ni kuzuia motoka isilale kwenye kona, na kwenye mawe inazuia kilekile unachotaka. Wengine wanaitoa kabisa. Mimi naona kufungua upande mmoja ukifika kwenye mawe na kufunga tena kabla ya barabara ni bora, juu 79 bila hio bara mbele, na galeri (keria ya juu ya paa) imejaa, ukikwepa mtu wa chukudu (skuta ya mbao) ghafla kwenye lami utajuta.

Na mbele ya 79, ujue mpaka wake. Ponti ya mbele imeshikwa na mikono miwili ambayo kila mmoja umefungwa kwenye ponti kwa buloni mbili. Ponti ikitaka kujikunja, mikono inapingana nayo na ni mipira peke yake inakubali kidogo. Hata uweke resori ya urefu gani mbele haitajikunja kama nyuma. Kwa hio pesa ya kutafuta kujikunja ipeleke nyuma kwanza.

Sasa swali la kweli la kupima: amotisere ndefu au blokaje ya difarensieli (ile inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja)? Baadhi ya 79 zilitoka kiwandani nayo na mwenyewe hajui, kuna kitufe kwenye dashibodi watu wanadhani ni ya taa. Ukiwa na blokaje, gurudumu la hewani haliharibu kitu, lile la chini linaendelea kusukuma. Kama kila kitu kingine ni kizima na una pesa ya kitu kimoja, mimi naweka blokaje ya nyuma kabla ya kuinua hata sentimita moja. Najua kuna watakaobisha.

"Tumbo linagonga"

Tumbo gani? Lala chini uangalie alama zinazong'aa. Kama ni bampa, ngazi ya pembeni au tangi, kuinua motoka kunasaidia kweli. Kama ni difarensieli, ndugu yangu, unaweza kuinua bodi mpaka ifike kwenye waya za umeme na lile tufe litabaki palepale, juu liko kwenye ponti na ponti imekaa juu ya tairi, si juu ya resori. Kinachoinua ponti ni tairi kubwa peke yake.

Na hesabu yenyewe ni chungu. Tairi ya kawaida ya 79, ile 7.50R16, ina kipenyo cha kama sentimita 80. Ukiweka ya inchi 33 ni kama sentimita 84. Tofauti ni 4, lakini ponti inapata nusu yake, sentimita 2. Kwa hizo mbili unalipa matairi matano, gia zinakuwa ndefu kidogo kwahio moteri inachoka kwenye kupanda, freni zina kazi zaidi, na ukikata usukani mpaka mwisho tairi inaweza kusugua ile mikono ya ponti. Kuna siku inafaa. Lakini kwa mawe mengi ya huku dawa ni kupitisha tairi juu ya jiwe lenyewe badala ya kulipitisha katikati, na kuweka bamba la chuma chini ya ngazi.

Presha nayo ni sehemu ya suspensio, watu wanasahau. Kwenye mawe ya kawaida ningeshuka bari 1.2 mpaka 1.5, lakini kwenye lava naishia karibu 1.7, juu tairi ikilegea sana mbavu zake zinatoka nje na zile kona zinazichana. Na kama tairi yako iko na chemba (tyubu) ndani, ukishusha sana tairi inazunguka kwenye rimu, chemba inavutwa na valvu inakatika. Hio imenikuta, porini, saa kumi na mbili jioni, na pampu ya mguu.

"Nikikanyaga kupanda, nyuma inaruka ta-ta-ta-ta"

Hii ni lame zinajikunja kama herufi S. Ponti inapewa nguvu kubwa kwenye gia fupi, badala ya gurudumu kuzunguka ponti yenyewe inataka kujiviringisha, lame inakubali, inafika mwisho, inaachia, inarudi, na tairi inaruka. Ukiendelea kukanyaga unavunja krosi (kiungo) ya shafti au unakata senta bolti (ile inayoshika lame pamoja katikati).

Toa mguu. Kwanza kabisa. Alafu angalia yubolti (zile za umbo la U zinazofunga lame kwenye ponti) kama zimekaa, na silenbloki, na kama kuna vipande vya chuma vilivyowekwa kati ya lame na ponti kuinua nyuma. Vile vipande ndo njia rahisi kabisa ya kuinua na ndo vinaongeza ugonjwa huu, juu vinafanya ponti iwe mbali na lame na inapata mkono mrefu wa kuikunja. Vinene zaidi ni vibaya zaidi. Mbele ya motoka yenye lame usiviweke kabisa, freni ikikamata ponti inataka kujigeuza na usukani uko pale. Ukitaka nyuma ipande, nunua lame zenye mkunjo unaofaa. Kupiga nyundo lame za zamani zikunjike upya kunakwenda miezi kadhaa alafu zinalala tena.

Kama vyote ni vizima na bado inaruka, kuna kutengeneza bara ya kushikilia ponti isijigeuze, lakini lazima mwisho wake wa mbele uwe na jumeli yake ndogo, la sivyo itazuia ponti kujikunja na umerudi kwenye shida ya kwanza.

"Usukani unatikisika mpaka mikono inauma"

Uliza kwanza: ilianza kabla au baada ya kuinua?

Kama ni kabla, ni uchakavu. Mtu mmoja akae ndani atikise usukani kushoto kulia, kidogo kidogo, moteri ikiwa inazunguka, mwingine ashike kila kiungo kwa vidole kimoja kimoja. Macho hayaoni, vidole vinasikia. Rotile (viungo vya tufe vya usukani), mipira ya bara ya panhard (ile inayoshika ponti isiende pembeni), mipira ya mikono, alafu inua gurudumu ulishike juu na chini ulitikise: likicheza na mwenzako akikanyaga freni bado linacheza, ni rulma (beringi) za pivo (pale gurudumu linapogeukia). Likiacha, ni rulma za gurudumu. Kwa uzoefu wangu panhard ndo mwizi wa kwanza. Watu wanakimbilia amotisere ya direksio (usukani), inaficha mtikisiko miezi miwili, na chini yake kitu kinaendelea kufa.

Kama ni baada ya kuinua, ni kasta. Huo ni mlalo wa pivo kurudi nyuma kidogo, kama uma wa baisikeli unavyolala, ndo unafanya usukani urudi wenyewe katikati. Ukiinua mbele ya 79, mikono inaelekea chini na ponti inajizungusha, unapoteza karibu digrii 1 kwa kila sentimita 2.5. Kwa sentimita 5 umepoteza mbili, na motoka inaanza kutembea kama mlevi wa Birere, haiko mbaya kwenye mawe lakini kwenye barabara ya Rutshuru ukifika 80 unashika usukani kwa mikono yote. Kuna mipira yenye tundu la pembeni inarudisha digrii hizo, au mikono iliyotobolewa upya. Lakini hapa kuna mtego: ukirudisha kasta kwa kuzungusha ponti, pua ya difarensieli ya mbele inaangalia chini zaidi na krosi za shafti ya mbele zinakunjika zaidi. Ukifunga magurudumu ya mbele ili nayo yavute (4x4) na kusikia mngurumo ambao haukuwepo, ndo hio. Ndo maana nasema sentimita 5 kwenye 79 inavumilika na matengenezo madogo, kumi ni kununua direksio, panhard ndefu, mikono na shafti, na bado hujajikunja zaidi.

Panhard nayo, ukiinua, inavuta ponti nzima upande mmoja. Ukiangalia kwa nyuma unaona tairi moja imetoka nje kuliko nyingine. Kidogo haina neno, nyingi inahitaji panhard ya kurefushwa.

Kugonga kwa kishindo, na amotisere kuchoka

Kishindo kimoja kizito ukishuka shimoni ni mpira wa kugongea umekwisha au haupo. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote kwenye suspensio na kila motoka ninayolala chini yake umekufa.

Amotisere kuchoka ni tofauti: asubuhi iko sawa, baada ya saa moja kwenye makorongo motoka inaanza kuelea. Mafuta ndani yamepata moto na yamechanganyika na hewa, yamekuwa povu. Zikipoa zinarudi. Zenye gesi zinavumilia zaidi, lakini kwenye kupanda mawe polepole amotisere haipati moto hivyo, huo ni ugonjwa wa mbio. Usinunue amotisere ya rali kwa kazi ya kilomita tano kwa saa.

Fleksible ya freni

Hii nilijifanyia mwenyewe. Niliweka amotisere ndefu nyuma, nimefurahi, nimepima kila kitu kama nilivyoandika huko juu, nikasahau bomba la mpira la freni linaloshuka toka shasi mpaka kwenye ponti. Siku ya kwanza kwenye mawe ponti ikashuka vizuri sana, na ile fleksible ndo ikawa kitu cha mwisho kinachoishikilia. Haikukatika palepale. Ilichanika ndani kidogo, nikarudi mji, na kushuka kuelekea ziwani pedali ikaenda chini kama inazama kwenye tope. Nilisimama kwa gia na freni ya mkono, mbele ya mama anayeuza sambaza, akaniangalia tu, akahamisha beseni lake. Kila ukiongeza mwendo wa ponti, ishushe mpaka mwisho na uvute fleksible kwa mkono. Lazima ibaki na ulegevu. Na waya za blokaje pia, na bomba la kupumulia la difarensieli.

"Kwenye mlalo wa pembeni inanitisha"

Inakutisha na ina haki. Toa vitu kwenye galeri. Jeriken ya lita 20 za mafuta ya mazuti (dizeli) ni kama kilo 17 na za maji ni 20, weka nne pale juu na rezervu, ni mtu mzima amekaa juu ya nyumba yako anaegemea upande wa korongo. Kuteremsha mzigo kwenye karoseri (bodi la nyuma) kunasaidia kuliko resori yoyote, na kila sentimita unayoinua inaurudisha huo mlalo.

Hilux, kwa kifupi

Mbele inajitegemea, kwa hio ukiinua kwa kuweka kipande juu ya resori, mkono wa gurudumu unasukumwa chini kuelekea mwisho wake na gurudumu halina tena pa kushukia. Unasikia "kok" kila ukivuka tuta, ni mkono umefika mwisho wa kushuka na amotisere imenyooka kabisa. Kardani (shafti fupi za magurudumu) nazo zinakunjika, sufle (mipira inayozifunika) zinachanika, vumbi la volkano linaingia kwenye grisi na ni mchanga wa msasa huo. Zaidi ya sentimita 5 mimi simfanyii mtu. Weka blokaje nyuma, weka bamba chini, na ukubali gurudumu la mbele litapanda hewani.

Baada ya kazi

Yubolti mpya zinalegea, zote, hata ukaze vipi. Kaza tena baada ya siku ya kwanza kwenye mawe, alafu baada ya kilomita 500. Usirudishe za zamani zilizonyooshwa.

Na ukirudi toka Masisi na motoka imejaa matope, usikimbilie kuosha. Lala chini kwanza. Mahali chuma kimegusa chuma matope yamefutika na panang'aa, mahali lame inateleza kuna mstari msafi, mahali mafuta yanatoka matope yana rangi nyingine, na kama mpira wa kugongea una matope makavu kichwani ambayo hayajaguswa, basi hujafika mwisho wa mwendo na hauhitaji kuinua kitu. Piga picha, alafu umwite kijana wa kuosha.